Fungu la Shangazi Aikaeli

Mume wangu Shedrack ni fundi umeme, anaogopa panya, na akikutana na kinyonga barabarani anavuka upande wa pili. Kwa hiyo aliponiambia amekata kibali cha uwindaji na anakwenda nyikani na wenzake kutafuta swala, nilicheka mpaka mteja wangu akadhani namcheka yeye. Nina duka la sare za shule pale Pasua, na wakati huo nilikuwa na pini mdomoni, nampima binti wa watu sketi. Nusura nizimeze.

"Cheka tu," Shedrack akasema. "Baba ameomba, na mimi nitampelekea."

Hapo nikaacha kucheka. Baba yangu, mzee Filemon, anaishi Marangu kwenye kihamba, shamba la ukoo alikozaliwa, katikati ya migomba na kahawa, na maneno "kabla sijafa" hayamtoki mdomoni. Kabla hajafa anataka viatu vipya vya mvua. Kabla hajafa anataka ng'ombe wa maziwa asiyepiga teke. Tumeshazoea. Lakini mara ya mwisho tulipopanda kumwona alisema kabla hajafa angependa kugawa mnyama wa porini uani kwake, kama baba yake alivyokuwa akifanya, na aliposema hivyo hakututazama. Alikuwa anatazama chini, upande wa masale.

Masale ni mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani, na jani lake ndilo mtu analobeba mkononi akienda kumwomba mwenzake msamaha. Masale ya chini ya kihamba chetu yanamtenga baba na dada yake mkubwa, shangazi Aikaeli. Babu alimkatia shangazi kipande pale aliporudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Babu alipofariki, baba akasema mwanamke hana fungu katika kihamba, akayang'oa masale na kuyapanda upya karibu na mlango wa shangazi, karibu kiasi kwamba kuku wake akitaga hatua mbili nje ya jiko, yai ni letu. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Shangazi hakwenda mahakamani wala kwa mchungaji. Aliacha tu kusema naye. Wakikutana njiani, shangazi anautazama mlima kana kwamba ndiyo kwanza auone.

Usidhani baba yangu ni mtu mbaya. Ni mtu mwenye shingo ngumu, na hilo ni jambo tofauti, ingawa kwa aliyeko upande wa pili wa masale tofauti yenyewe ni ndogo.

Sasa, kwetu mnyama hagawanywi kwa kilo. Anagawanywa kwa watu. Katika ukoo wetu kidari ni cha mzee anayegawa, shingo ni ya wajomba, mbavu ni za wake wa nyumba, na mgongo ni wa dada wa mwenye boma. Kumpelekea mtu fungu lake ni kumwambia kwamba bado ni wetu. Miaka yote ile, kila mbuzi aliyechinjwa pale uani, mgongo wake ulikwenda kwa mtu mwingine, na huyo aliyeupokea alijua ameshika nyama ya nani. Nadhani ndiyo sababu baba hakutaka mbuzi. Angepeleka mgongo wa mbuzi, ingebidi aeleze habari za mbuzi wote waliotangulia. Swala hakuwa na historia na mtu.

Basi Shedrack akaenda, na akarudi na swala pala dume. Mpaka leo haelezi vizuri ni nani hasa aliyefyatua risasi, na mimi simbani. Kibali kilikuwa na jina lake, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto aliyepata kipaimara.

Jumamosi asubuhi tulimpeleka yule swala Shirimatunda, kwa Ildefonce, mwenye bucha la nyamapori. Ildefonce ana chumba cha baridi, msumeno wa umeme wa kukatia mifupa, na sakafu ya vigae anayoiosha kila anapopata nafasi. Wawindaji humletea wanyama wao, naye anachuna, anakata na kufunga. Utaratibu unajulikana: mkaguzi wa nyama anamtazama mnyama nje na ndani, anagonga muhuri, ndipo msumeno unapoanza kulia. Siku hiyo mkaguzi alikuwa amechelewa, na ndoano ya pili ilikuwa na swala wa mwindaji mwingine.

Baba akaanza kupiga simu. Alimpigia Shedrack. Akanipigia mimi. Kisha akampigia Ildefonce mwenyewe, na namba yake aliipata wapi Mungu ndiye anajua.

"Mzee wangu, mkaguzi hajafika," Ildefonce alimwambia, simu ikiwa wazi, sote tunasikia.

"Nyama ya ukoo hailali njiani, baba," sauti ya baba ikajibu. "Watu nimeshawaita. Unataka wanione muongo?"

"Tungoje kidogo tu, mzee."

"Kidogo hicho ninacho? Kata, mwanangu. Mgongo uache mzima."

Ildefonce naye ana baba mzee huko Kibosho. Alinitazama, akamtazama Shedrack, akafuta mikono kwenye aproni na kuanza kukata. Aliwakata wote wawili pamoja, wetu na yule wa ndoano ya pili, kwenye meza ile ile, kwa msumeno ule ule, nasi tukaondoka na boksi letu. Sikuwaza lolote. Nilikuwa nawaza tutakavyochelewa.

Jioni ile baba alivaa koti lake la kanisani, akasimama uani, akaita majina. Sijamwona mzuri kama siku hiyo. Kila fungu alilishika kwa mikono miwili, akataja mtu wake, watoto wakakimbia nalo migombani huku kila nyumba ikipiga vigelegele. Mgongo ulibaki wa mwisho. Akaufunga kwenye jani la mgomba, akafungua, akaufunga tena vizuri zaidi, akanipa.

"Mpelekee," akasema. Hakutaja nani.

Nikapenya kwenye masale. Shangazi Aikaeli alikuwa anamwekea ng'ombe wake majani. Ni mwembamba, amenyooka, na ana macho ambayo ukiwa umevaa sketi fupi unayahisi ukiwa bado njiani. Nikamwamkia, nikampa kile kifurushi. Alikipima uzito, akajua bila kufungua.

"Kimetoka kwa nani?"

"Kwa baba, shangazi."

Ng'ombe akamgusa na pua, akamsogeza kando. "Aika," akasema, yaani asante kwa lugha yetu. "Mwambie nimepokea."

Niliporudi na kumweleza baba, aliniambia hakusikia vizuri, nirudie. Nikarudia. Akasema tena hakusikia. Baba yangu anasikia parachichi likianguka shamba la tatu. Nikarudia, akageuka, akaingia jikoni peke yake akiwa bado na koti.

Kesho yake kanisani shangazi alipita kwenye benchi letu akielekea kwake, na alipofika usawa wa baba aliinamisha kichwa. Kidogo tu. Baba akaimba nyimbo zote siku hiyo, hata zile za akina mama, kwa sauti iliyowafanya watoto wageuke. Mimi nililia na kusingizia mafua.

Tulikuwa tunatoka nje pale Ildefonce alipopiga simu.

"Mama," akasema, "ile nyama mmeila?"

Yule swala wa pili alikuwa na kimeta. Mkaguzi alipofika alikuta bandama limevimba na damu nyeusi isiyoganda, akasimamisha kila kitu na kumwita daktari wa mifugo. Kipimo cha kwanza kikathibitisha. Mwindaji wake alipobanwa akasema, ndiyo, alimkuta amelala, hakukimbia, naye alifurahi kwamba siku hiyo kazi imekuwa rahisi. Nasi nyama yetu ilikatwa meza hiyo, kwa msumeno huo, na swala wawili wakishachunwa ni mapacha. Ildefonce hakuwa na hakika hata kama boksi tulilobeba halikuingia kipande cha yule mwingine.

Nilimtolea Ildefonce maneno ambayo hayasemwi mbele ya kanisa. Mzee wa usharika alisogea mbali. Ildefonce akaniacha nimalize.

"Uko sahihi, mama," akasema. "Nilipaswa kungoja. Tangu majibu yatoke nampigia kila aliyechukua nyama kwangu jana. Nitukane baadaye, sasa hivi ikusanye." Kisha akampa simu daktari, msichana anayeitwa Pamela, mwenye sauti kavu ya mtu ambaye hajalala.

"Msiipike, msiioshe, msiwape mbwa," akasema. "Mfuko ndani ya mfuko, mikono iwe na glavu. Aliyekula au kuishika aende kituo cha afya leo leo, kuna dawa."

"Daktari, na ikichemshwa sana?"

"Mama, vijidudu vya kimeta vina ganda. Moto wa jikoni utaua vingine, na vingine vitautazama tu. Leteni nyama yote."

Ningekuwa mjini Pasua, ningeipata wapi nyama yote? Lakini fungu la mtu linajulikana. Baba alikaa kwenye gari la Shedrack na kuyasema yote bila kusita: shingo iko kwa nani, mbavu ziko kwa nani, mguu wa mbele uko kwa nani na mkewe huwa anaficha wapi. Tulizunguka mteremko mzima na glavu tulizopewa na muuguzi jirani. Mjomba mmoja aliapa kwamba shingo imeshaliwa na mbwa, mkewe akaitoa nyuma ya gunia la mahindi. Mwingine alitaka kujua lini atafidiwa kwa kuku. Waliokuwa wamekula tuliwatuma kituo cha afya, na walikwenda wakilalamika kwamba swala wenyewe hakuwa na mafuta. Kidari cha baba nilikikuta jikoni kwake kwenye jani, nikakitia mfukoni bila kukifungua.

Ikabaki mgongo.

Shedrack alizima gari uani. Baba hakushuka.

"Huyo mwacheni," akasema.

"Baba!"

"Dada yangu huchemsha nyama mpaka inaomba radhi. Mwacheni."

"Umemsikia daktari."

"Nimemsikia." Alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono yote miwili. "Eliaichi, wewe unajua kuchukua tena fungu la mtu kunaitwaje? Ni kumtoa. Ni kumwambia tulikosea kukuita. Jana ndiyo nimempa. Leo nikamwambie lete?"

"Nitakwenda mimi."

"Ukienda wewe ni mimi nimemtuma mtoto kunyang'anya. Tena." Hilo neno la mwisho lilimtoka vibaya, akakohoa. "Nilishamnyang'anya mara moja. Ataona nilimpa mgongo ili nipate cha kuchukua."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilitaka kumwambia kwamba yote haya ni kwa sababu ya simu zake, kwamba angengoja mkaguzi tusingekuwa tunazunguka na mifuko kama wezi. Nilifungua kabisa mdomo. Nikauona mguu wake, ule ulionifundisha kuendesha baiskeli kwa kukimbia kando yangu, nikafunga mdomo.

Toka kwenye jiko la shangazi moshi ulikuwa unapanda. Baba aliutazama.

"Anapika," akasema, na akashuka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye masale, yale aliyoyapanda kwa mkono wake, akakata jani moja. Lilimchukua muda, kisu kilikuwa kinateleza. Kisha akapenya. Nikamfuata, kwanza kama mtoto wake, pili kwa sababu sikuwa tayari kuhadithiwa.

Shangazi alikuwa ndani ya jiko, amekaa kwenye kigoda. Sufuriani kulikuwa na ndizi na maharage, kiburu cha Jumapili. Mgongo ulikuwa unaning'inia juu ya mafiga, kwenye moshi, mzima, na shangazi alikuwa amekaa akiuelekea kama watu wanavyokaa kuelekea televisheni.

"Shikamoo, dada," baba akasema mlangoni.

Sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kwa baba yangu. Wote waliomzidi umri pale kijijini wameshazikwa, isipokuwa huyu mmoja. Shangazi naye alilisikia. Aliweka mwiko chini ndipo akajibu.

"Marahaba. Hilo jani la nini? Nyama imeshafika bila jani la masale."

"Nimekuja kuichukua."

Kiburu kilikuwa kinatokota. Shangazi akaanza kutikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa bali kama mtu aliyethibitishiwa habari.

"Nilijua," akasema.

"Hapana, hujui." Baba aliingia ndani, akainama kwa sababu ya dari. "Ina ugonjwa. Kimeta. Aliyekata alitaka kungoja mkaguzi, mimi nikamkataza. Nilimharakisha kwa sababu yako. Niliona nikilala usiku mmoja na huo mgongo ndani, asubuhi nitakuwa nimebadili nia, kama nilivyobadili kwa kila mbuzi." "Dada, jani hili ukitaka lipokee, ukitaka litupe. Lakini nyama usile. Nimeishi bila maneno yako na nimeweza, kwa sababu kila asubuhi nikitoka nje naona moshi wako. Siku nisipouona sijui nitafanya nini. Sina mtu mwingine anayenijua tangu mtoto."

Mimi nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango. Shedrack, aliyekuja na mfuko, alikuwa amejificha nyuma yangu akitazama viatu vyake.

Shangazi aliuangalia mgongo kwa mara ya mwisho. "Sijaukata," akasema. "Nilitaka niutazame kwanza. Nimeutazama jana, nimeutazama leo. Eliaichi, utoe."

Nikautoa, na kamba yake, na ubao alioutumia. Nilifunga mfuko ndani ya mfuko huku machozi yakiniingia mdomoni na glavu zikinizuia kuyafuta. Nilipogeuka, shangazi alikuwa amelichukua lile jani mkononi mwa baba na kuliweka kabatini, juu ya Biblia. Kisha akasimama mbele yake na kumwangalia kwa yale macho.

"Na wewe kidari chako?"

Baba akatazama ukuta.

"Nakuuliza. Kidari umekila?"

"Nilionja."

"Ulionja kiasi gani?"

"Anayegawa lazima aonje, dada, ndivyo ilivyo, hata mzee alikuwa..."

"Filemon!"

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina lake mdomoni mwa shangazi. Nikakumbuka jinsi ule mfuko wa kidari niliokuwa nimeutia garini ulivyokuwa mwepesi. Kipande kizuri kilikuwa hakipo. Alipoingia jikoni jana na koti lake, baada ya kunifanya nirudie mara tatu maneno ya shangazi, alikuwa amejichomea na kula, mzee wa watu, akisherehekea peke yake. Mchana wote ametutuma kuwahoji wajomba, na sisi hakuna aliyemuuliza yeye.

"Ulikuwa unakuja hapa kuniokoa mimi," shangazi akasema, "na wewe umeshakula?"

"Ulikuwa unapika. Nilidhani..."

"Ulidhani! Tangu utotoni unadhani!" Tayari alikuwa ameshaipua sufuria, ameshajitupia kitenge, ameshamshika baba mkono wa koti. "Shedrack, washa gari. Eliaichi, umesimama nini kama nguzo? Na kadi yake ya kliniki iko wapi? Hujui? Wewe ndiye binti?"

Hakuzunguka kwa njia ya barabarani. Alimvuta baba moja kwa moja kwenye masale, akapita kwa kishindo, mmea mmoja ukavunjika. Baba alivutwa tu, na usoni, nakuapia, alikuwa na hofu ya kimeta na bado anatabasamu.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa ukoo wetu. Wote tuliogusa ile nyama tulipewa dawa, na walioila wakaambiwa waangaliwe: homa, kutapika, tumbo, kidonda chochote chenye gaga jeusi. Shangazi alimhoji muuguzi mpaka muuguzi akamuuliza kama naye alisomea. Jioni watu wa Dokta Pamela walipanda na gari, wakachukua mifuko yote na mbao zetu za kukatia, wakaenda kuviteketeza na kufukia majivu kwenye shimo la kina lenye chokaa. Bucha la Ildefonce lilifungwa likasafishwa kwa dawa. Alipofungua tena alibandika mlangoni karatasi kubwa kwamba bila muhuri hakati, hata apigiwe simu na malaika. Nilikwenda kumsalimia. Nilimpelekea ndizi, akajua ndiyo samahani yangu.

Hakuna aliyeumwa. Kama boksi letu lilikuwa na nyama ya yule swala mgonjwa au halikuwa nayo, hatukujua, na Dokta Pamela alisema hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote, tuipokee hivyo hivyo.

Ila vidonge vya baba vilikuwa vingi, vya wiki nyingi, asubuhi na jioni. Shangazi hakumwamini. Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye migomba, alipita kwenye masale na kusimama mbele yake mpaka ameze, kisha anamwambia afungue mdomo, anyanyue ulimi. Mzee mwenye wajukuu, ananyanyua ulimi. Nikipiga simu kutoka dukani nasikia nyuma yake wanagombana: kahawa imepogolewa vibaya, ng'ombe wa nani anatoa maziwa mepesi, mama yao alikuwa anampenda nani zaidi. Walikuwa na ugomvi wa miaka na miaka uliolimbikizwa, na walikuwa wanautoa mmoja mmoja bila haraka. Masale yaliyokuwa kwenye njia ya shangazi yalilala kwa kukanyagwa. Baba, ambaye zamani angepiga kelele kwa jani moja, alichukua jembe akayang'oa mwenyewe, upana wa mtu kupita na ndoo, asije akajikwaa.

Vidonge vikaanza kupungua. Baba alimpigia simu muuguzi, mimi nikiwa hapo hapo, akamuuliza kama mtu wa umri wake haongezewi kidogo kwa usalama. Muuguzi akamwambia hongera mzee, umepona, zinatosha. Alikata simu kama aliyepewa habari mbaya.

Jumamosi ile nilikuwa nimelala kwake. Asubuhi nilimkuta ameshakaa nje kwenye kiti chake, amevaa koti, bilauri ya maji iko kwenye kigoda pembeni, na kasha la dawa liko tupu mapajani. Sikumuuliza. Nikaenda kuwasha moto na kumtazama kupitia mlango. Aliangalia lile pengo la masale, akaangalia bilauri, akaangalia tena pengo. Jua lilishafika kwenye kahawa. Niliumia, sina neno jingine.

Shangazi akatokea na kitenge chake, umande umemfika magotini. Alikuja mpaka kwenye kiti, akanyoosha mkono, akalichukua lile kasha na kulitikisa sikioni.

"Vimeisha?"

"Vimeisha, dada."

Akavuta kigoda kingine, akakaa.

"Basi lete hayo maji ninywe mimi," akasema. "Nimetembea."